Volti 7 za nani? Ulinganisho wa kasi za mashine ya rotari

Anayeanza kuchora tatuu akishapata mashine yake ya kwanza ya rotari, swali lake kwa waliomtangulia huwa ni lile lile: "Mstari unapiga kwa volti ngapi?" Majibu hayakawii. Mmoja anasema saba na nusu, mwingine nane, wa tatu anaapa kwamba hajawahi kupita sita. Wote wanasema kweli, na bado hakuna jibu litakalomfaa, kwa sababu kila mmoja ametaja namba ya mashine yake, ya mkono wake na ya sindano aliyofunga siku hiyo.

Kwa hiyo hapa nalinganisha kasi zenyewe, ndogo kwa kubwa, kazi kwa kazi, pamoja na njia za kuipata kasi inayokufaa. Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukasema nilikuficha: anza na kasi ndogo kabisa inayokupa mstari usiokatika kwa mwendo wa kawaida wa mkono wako. Ukitaka kupanda kutoka hapo, uwe na sababu unayoweza kuitaja.

Volti si kasi

Ndani ya rotari kuna mota ndogo ya umeme wa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Mota inazungusha kamu, yaani kigurudumu ambacho pini yake imewekwa pembeni ya kitovu, na kila kamu inapomaliza mzunguko mmoja, sindano imeshuka na kupanda mara moja. Idadi ya mizunguko hiyo kwa sekunde ndiyo hezi. Mota inayozunguka mara 6000 kwa dakika ni hezi 100: sindano inachoma mara 100 kila sekunde.

Volti ndiyo inayoisukuma mota, ila mota hazikuumbwa sawa. Chukua tatu za mfano, zote zikizunguka hewani bila mzigo. Ya kwanza imeundwa kuzunguka mara 9000 kwa dakika ikipewa volti 6, ya pili inafikia 9000 hizo kwa volti 9, ya tatu kwa volti 12. Sasa zipe zote volti 7. Ya kwanza inakwenda hezi 175. Ya pili, 117. Ya tatu, 88 hivi. Kioo cha pawasaplai, kile kifaa kinachoipa mashine umeme, kinaonyesha 7.0 kote kote, lakini ile ya kwanza inachoma ngozi karibu mara mbili ya ile ya tatu.

Waliozoea mashine za koili, zile zinazoendeshwa na sumaku ya umeme badala ya mota, wana kisa kingine. Koili inafanya kazi kwa kukata na kuunga umeme kwenye ncha ya skrubu na springi, kwa hiyo pawasaplai nyingi zinaweza kuhesabu mikato hiyo na kukupa hezi. Rotari haikati umeme kwa namna hiyo. Ukiunganisha rotari kwenye pawasaplai ya zamani na kuona namba ya hezi inarukaruka, iache kama ilivyo, haikuhusu. (Na tukiwa hapo: wanaoiona rotari kuwa kitu cha juzi wakumbuke kwamba Samuel O'Reilly alipopata hataza ya mashine ya tatuu ya umeme mjini New York mwaka 1891, alikuwa ameitoa kwenye kalamu ya umeme ya Thomas Edison, na kalamu ile iliendeshwa na mota ya kuzunguka.)

Kuna mkanganyiko mwingine nausikia. Umeme wa ukutani Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na wapo wanaodhani hezi hizo zinaingia kwenye hesabu. Haziingii. Pawasaplai inaugeuza umeme ule kuwa DC kabla haujafika kwenye mota.

Njia tatu za kuipata kasi

Njia ya kwanza ni kuazima namba ya mwenzio. Ni ya haraka, na ina mahali pake: kama mna mashine ya aina moja, yenye mpigo (safari ya sindano kutoka juu hadi chini) wa urefu mmoja, na mnatumia katriji (vichwa vya plastiki vyenye sindano ndani) za chapa moja, namba yake itakufikisha karibu. Kimoja tu kikibadilika, umeazima kiatu cha mtu mwenye mguu mwingine.

Njia ya pili ni kupima hezi. Watu wanaikwepa wakidhani inahitaji kifaa cha maabara, kumbe simu inatosha. Mashine ikizunguka mara 100 kwa sekunde inavuma kwa sauti ya hezi 100, na programu yoyote ya kupima nyuzi za gitaa inaweza kuisoma. Hata bila programu, mwenye sikio la gitaa anajua: waya mnene kabisa ukipigwa wazi unatoa hezi 82, unaofuata 110, wa tatu 147. Kazi nyingi ya rotari iko karibu na sauti za nyuzi hizo tatu. Angalizo ni moja: programu wakati mwingine inashika mwangwi wa juu na kukupa namba maradufu. Ukiona 220 wakati mashine inanguruma kwa utulivu, ni 110.

Pima ukiwa umefunga katriji, maana mashine tupu inakudanganya. Na hata ukifunga, bado unapima hewani. Ngozi inaipinga sindano na mota inapungua kasi ikiwa na mzigo. Hapo ndipo ninapopenda jaribio la nukta. Funga kundi la sindano 3 zilizopangwa duara, chukua ngozi ya mazoezi au ganda la ndizi mbivu kiasi, na uvute mstari wa sentimita 10 ndani ya sekunde moja, mtu mwingine akikuhesabia. Mwendo huo ni wa haraka kuliko wa kazi, kwa hiyo badala ya mstari utaona nukta zimetengana. Hesabu nukta zilizomo ndani ya sentimita moja ya katikati, kisha zidisha kwa 10. Nukta 9 ni hezi 90 hivi, zikiwa na mzigo. Rudia mpaka mkono utulie, majibu yaanze kukaribiana.

Linganisha namba hiyo na ile ya simu. Kama hewani ilikuwa 120 na kwenye ngozi ya mazoezi imeshuka hadi 95, una mota dhaifu au katriji ngumu. Kama imeshuka kutoka 120 hadi 115, mota yako ina nguvu, na hiyo ni habari njema kwa sababu unaweza kuiendesha polepole bila kukwama.

Njia ya tatu ni kuisikiliza ngozi. Kasi ikiwa ndogo mno kwa mkono wako, sindano inashika ngozi na kuivuta, mstari unatoka na mapengo, mashine inatetemeka kwenye vidole kila inapochoma. Kasi ikiwa kubwa mno, wino unarukaruka kutoka kwenye ncha, damu inakuja mapema, ngozi inalainika na kuanza kuchubuka, na mshikio unapata moto. Mafundi wazoefu wanafanya kazi kwa njia hii tu, hawatazami kioo kabisa. Tatizo kwa anayeanza ni kwamba dalili hizo hizo zinaletwa na mambo mengine. Mstari wenye mapengo unaweza kutoka kwa ngozi isiyonyooshwa vizuri. Damu ya mapema inaweza kuwa ni kina, si kasi. Wino uliotawanyika chini ya ngozi na kuacha kivuli cha bluu pembeni ya mstari ni kina au pembe mbaya ya sindano, na wengi huupa kasi lawama isiyo yake.

Ndiyo maana kwa mtu wa mwaka wa kwanza napendekeza njia ya pili kwanza, ya tatu baadaye. Ukishajua kwamba uko hezi 100, na ngozi inalalamika, una jambo moja la kuliondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Mkono ndio nusu ya hesabu

Cherehani ina meno chini ya sindano yanayosogeza kitambaa sambamba na mzunguko wa gurudumu. Ukanyage haraka au taratibu, urefu wa mshono ni ule ule. Mashine ya tatuu haina meno hayo. Anayesogeza ni mkono wako, nao haujui mota inakwendaje. Umbali kati ya tundu na tundu ni mwendo wa mkono ukigawanywa kwa hezi, basi.

Pima mkono wako kwanza. Mashine ikiwa imezimwa, fuata mstari wa sentimita 10 kwenye karatasi kwa mwendo ambao ungeutumia kwa mteja, si mwendo wa kujionyesha, na simu ihesabu muda. Sekunde 10 ni milimita 10 kwa sekunde. Sekunde 5 ni milimita 20. Kisha tazama hapa umbali kati ya nukta na nukta, kwa milimita:

| Mkono kwa sekunde | Hezi 70 | Hezi 100 | Hezi 140 |
|---|---|---|---|
| mm 10 | 0.14 | 0.10 | 0.07 |
| mm 20 | 0.29 | 0.20 | 0.14 |
| mm 40 | 0.57 | 0.40 | 0.29 |

Sindano moja moja huwa na unene wa mm 0.25, 0.30 au 0.35, na kundi la duara linaacha alama pana kuliko sindano moja. Hatua ya mm 0.2 inafunikana bila shida. Ikipita mm 0.4, kundi dogo linaanza kuonyesha nukta. Ikishuka chini ya mm 0.1, unachoma pale pale ulipokwisha kuchoma.

Angalia jambo ambalo jedwali linasema bila kupiga kelele: mkono wa mm 10 kwa hezi 70 na mkono wa mm 20 kwa hezi 140 unatoa mstari ule ule, 0.14. Fundi mwepesi na fundi mtaratibu wanaweza kufika mahali pamoja kwa kasi zinazotofautiana maradufu. Anayeanza, ambaye mkono wake ni wa mm 10, akiazima hezi 140 za fundi mwepesi, anapata 0.07. Anaichana ngozi huku akijiuliza kosa liko wapi.

Mstari: kasi au polepole?

Mafunzo mengi yanasema mstari unataka kasi, kivuli kinataka upole. Kwa mkono mwepesi ni sawa. Hezi 110 hadi 130 zinafunga mstari vizuri, mashine haivuti ngozi, na mstari mrefu unaopinda, kama ubavu wa nyoka anayezunguka mkono, unatoka kwa pumzi moja.

Gharama yake iko kwenye kona. Kila mkono unasita kidogo unapogeuza. Kusita nusu sekunde kwa hezi 120 ni kuchoma mara 60 mahali pamoja. Kwa hezi 80 ni mara 40. Tofauti hiyo ya matundu 20 ndiyo kitone kinene kinachoonekana kwenye pembe za herufi, hasa kwenye majina ya watoto na aya ndogondogo ambazo wateja wetu wanazipenda. Kwa maandishi madogo yenye kona nyingi, mimi ningeshuka hadi 80 au 90 hata kwa mkono wa wastani, na kwa mistari mirefu ningepanda. Anayeanza na mkono wake mtaratibu abaki chini kwa vyote viwili mpaka mkono wenyewe uombe zaidi: utajua umeomba pale unapoona nukta kwenye mstari ambao jana ulikuwa umefungika.

Polepole nayo ina mpaka wake. Chini ya hezi 60 au 70, kwa kuchora mstari, sindano inakaa ndani ya ngozi muda mrefu kila inaposhuka, na mkono hausimami kuingoja. Ngozi inavutwa. Mteja analisikia hilo kabla yako.

Kivuli na rangi

Kivuli cha nukta, kile cha kurusha mkono ili nukta zitawanyike na kufifia, kinataka kinyume cha mstari: hezi ndogo na mkono mwepesi. Kwa hezi 70, mkono ukirushwa kwa mm 80 kwa sekunde, nukta zinatengana zaidi kidogo ya milimita moja, na unaziona moja moja. Ukifanya hivyo hivyo kwa hezi 130 zinakuwa mm 0.6, zinaanza kuungana, na ule mchangamano wa chembechembe unapotea. Hapa sina mashaka: polepole inashinda.

Kivuli laini cha magnamu (kundi pana la sindano zilizopangwa kwa safu), cha kijivu kinachopanda taratibu, kinakubali kasi ya kati, 85 hadi 105. Muhimu zaidi ni uzito wa mkono.

Kujaza rangi ndipo watu wanapoumiza ngozi. Hesabu tu: magnamu ya sindano 15 kwa hezi 100 ni matundu 1500 kwa sekunde. Panda hadi 130 na ni 1950. Mkono unazunguka katika viduara vidogo, mahali pale pale panapitiwa mara tatu au nne, na mchoraji anaona rangi haijakaa sawa, anaongeza volti. Kwa kawaida rangi haijakaa kwa sababu ngozi haikunyooshwa, au kwa sababu viduara ni vikubwa na vinaacha mapengo, au wino umekauka kwenye ncha. Kasi haitibu hata kimoja. Ningeanza na 90 na kupunguza mwendo wa mkono kabla ya kugusa kitufe.

Ila kuna sababu moja halali ya kupandisha volti kwenye magnamu kubwa: mzigo. Sindano 15 au 23 zinapingwa na ngozi kuliko 3, na mota dhaifu inazama. Ukisikia mlio unashuka kila unapogusa ngozi, unapandisha volti si ili uende haraka bali ili urudi kwenye kasi uliyokuwa nayo hewani.

Mpigo mfupi, mpigo mrefu

Mpigo ni umbali ambao sindano inasafiri kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Si kina cha kuingia kwenye ngozi. Kina unakiweka kwa mkono na kwa urefu wa sindano unaotokeza. Mashine sokoni zina mm 2.5 hadi 5, na nyingi ziko kwenye 3.5 au 4.

Mpigo mrefu kwa hezi zile zile unamaanisha sindano inasafiri mbali zaidi ndani ya muda ule ule, kwa hiyo inatua kwa mwendo mkali zaidi. Mpigo wa mm 3.5 kwa hezi 100 una mwendo wa juu kabisa wa mita 1.1 kwa sekunde. Mpigo wa mm 4.5 kwa hezi hizo hizo unafika mita 1.4. Ukitaka mm 4.5 igonge kwa ukali wa ile ya mm 3.5, ishushe hadi hezi 78. Na mm 2.5 utaipandisha hadi hezi 140 ndipo igonge sawa nayo.

Hii inaeleza mabishano mengi. Mwenye mashine ya mm 2.5 kwa kivuli laini anasema 130 ni salama kabisa. Mwenye 4.5 anamsikia na kushtuka. Mfupi unagonga kwa upole, kwa hiyo unavumilia hezi nyingi. Mrefu unachoma kwa nguvu, unaweka mstari mnene na rangi nzito kwa mpito mmoja, ila ukiukimbiza ngozi inachakaa upesi.

Kama unanunua mashine moja tu ya kufanyia yote, chukua mm 3.5, au 4 kama kazi yako kubwa ni mistari na herufi. Mashine za kubadili mpigo kwa kuzungusha mshikio ni nzuri, lakini kila ukibadili mpigo umebadili mashine: namba ya volti ya jana si ya leo.

Katriji, waya na betri

Ndani ya katriji kuna kiwambo cha mpira kinachozuia wino na damu visirudi kwenye mashine, na kiwambo hicho ndicho kinachorudisha sindano juu. Kiwambo kigumu kinakula nguvu ya mota, hasa ukiwa chini ya hezi 80. Mashine inaweza hata kugoma kuanza. Kiwambo laini kina ugonjwa wa upande wa pili: ukiwa juu ya 130, sindano inaweza kushindwa kurudi kwa wakati, na mlio unageuka kuwa wa kugongagonga. Ukisikia hivyo, shuka, au badili chapa. Sindano za zamani zenye baa, yaani zilizounganishwa kwenye waya mrefu badala ya katriji, zinategemea raba ya kuzibana, na raba iliyolegea inaleta mtetemo ambao utaudhania ni kasi.

Kati ya waya na betri, kwa upande wa kasi peke yake, waya wenye pawasaplai nzuri ni thabiti zaidi. Kwa upande wa maisha, betri imeshinda: hakuna waya unaovuta mkono, na umeme wa mtaa ukikatika katikati ya bega la mtu, unaendelea kwa taa ya simu angalau ufunge mstari. Betri nzuri inashikilia volti ile ile hadi mwisho. Ya bei ya chini inaachia kidogo kidogo kadiri chaji inavyopungua, na unaona tu kwamba saa ya pili mashine imekuwa nzito. Pima hezi betri ikijaa, pima tena ikibaki robo. Tofauti ikizidi 10, tembea na betri ya pili.

Ngozi nyeusi

Hapa ndipo mafunzo mengi ya kigeni yanapotuacha njiani. Yanakwambia usimame ngozi inapokuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, au unaonekana baada ya madhara kwisha kufanyika. Tazama vitu vingine: kingo za mstari zimeinuka kiasi gani ukizitazama kwa pembeni, ngozi inang'aa kama iliyopakwa plastiki, majimaji yanatoka na wino ukipangusa. Weka kidole chenye glovu: pakiwa na joto kuliko pembeni, pumzisha.

Melanini iko kwenye tabaka la juu la ngozi, wino unakaa chini yake. Kila rangi inaonekana kupitia melanini hiyo. Njano mpauko au waridi haitang'aa kwa kuongeza hezi wala kwa kupita mara ya tano, na anayejaribu anaacha kovu. Chagua nyeusi nzito, nyekundu iliyokolea, na uache nafasi ya ngozi tupu ifanye kazi ya mwanga.

Kisha kuna keloidi, kovu linaloendelea kukua kupita mipaka ya kidonda. Huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, huenda kwa ukoo, na hupenda katikati ya kifua, mabega, taya na ndewe za masikio. Kuchubua ngozi kunaongeza hatari, kwa hiyo kwenye maeneo hayo nachagua upande wa chini wa kila kipimo nilichotaja hapo juu, na mpito mmoja badala ya miwili. Kabla ya hapo muulize mteja, na usitosheke na jibu. Mwambie akuonyeshe kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi, au lilipotobolewa sikio. "Hili lilivimba lenyewe tu, kaka, lakini haliumi" ni sentensi inayomaliza mazungumzo ya volti. Huyo hana kasi salama. Mwelekeze kwa daktari wa ngozi.

Uanzie wapi, basi

Mkono mtaratibu, mashine ya mm 3.5 au 4, mwaka wa kwanza: hezi 80 kwa mstari, 70 kwa kivuli cha nukta, 90 kwa kujaza. Mkono wa wastani: 100 kwa mstari, na vingine viache kama vilivyo. Mkono mwepesi wa mm 30 na zaidi: 120 hadi 130 kwa mistari mirefu, na ushuke kwenye kona. Mpigo ukiwa 4.5, shusha hezi kidogo, ila kwa mstari usipite chini ya 70; ukiwa 2.5, ongeza bila hofu. Hizi ni nyumba za kupanga, utahama.

Andika kwenye kipande cha tepu nyuma ya mshikio: aina ya katriji, hezi 100, na volti iliyokufikisha hapo. Pima tena kila mwezi. Kama mwezi wa kwanza ulifika hezi 100 kwa volti 7 na sasa inahitaji 8 na nusu kwa katriji ile ile, kuna kitu kinakwama: wino umekauka kwenye njia ya pini, beringi imechakaa, au brashi za mota zinaisha. Safisha kwanza. Isiporudi, mashine hiyo ipe kazi ya kivuli cha nukta, ambacho hakihitaji nguvu nyingi, na mistari uifanye na nyingine mpaka fundi aifungue.